Gumzo la Ukoo: Mjomba na Gari la Firenze

Mjomba Hamisi: Salaam aleykum wote. Viza zimetoka, alhamdulillah. Nimeshaona gari la kukodi, tunalichukua palepale uwanja wa ndege Firenze.

Zuhura (Italia): Waaleykum salaam, shikamoo mjomba. Gari la nini mjini? Uwanjani kuna tramu, T2, inawashusha karibu na stesheni kuu.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Dar–Mwanza nimeimaliza mara ngapi, nishindwe na Firenze?

Zuhura (Italia): Kuendesha utaweza. Kamera ndizo zitakushinda 😂 Katikati ya mji ni ZTL, gari lisilo na kibali haliingii. Ukiona kibao cha duara jeupe lenye ukingo mwekundu na maandishi hayo, geuza. Trafiki humwoni, namba ya gari inapigwa picha tu. Kampuni ya gari inataja jina lako, na inakukata pesa kwa kazi hiyo. Faini yenyewe inakuja baadaye.

Shangazi Mwanaidi: Baadaye lini?

Zuhura (Italia): Aliye nje ya Italia wanaweza kumtumia hadi siku 360 shangazi.

Iddi: Mjomba atakuwa ameshasahau hata jina la hoteli 🤣

Mjomba Hamisi: Iddi nyamaza. Sasa mashamba ya mizeituni tutayafikiaje?

Zuhura (Italia): Huko gari ndiyo lenyewe, mabasi ya vijijini ni ya kuvizia. Lichukueni siku mnayotoka mjini. Agiza otomatiki mapema, mengi hapa ni ya gia, na usukani uko kushoto. Leseni ya kimataifa kata hukohuko, ya kwetu peke yake haitoshi. Barabara kuu ya kulipia unachukua tiketi ukiingia, unalipa ukitoka. Lango la manjano la Telepass, la wenye kifaa cha kulipia garini, usilisogelee! Mwendo mwisho 130, mvua ikinyesha 110.

Shangazi Mwanaidi: Mie na Hamisi kwenye 130, hapana. Siena kuna treni?

Zuhura (Italia): Ipo, ila stesheni iko bondeni na mji uko juu. Panda basi, linakuacha karibu na katikati. Na treni yoyote ya mkoa, tiketi ya karatasi igonge kwenye mashine kabla hujapanda, la sivyo unapigwa faini na tiketi unayo mkononi.

Mjomba Hamisi: Haya, la uwanjani nafuta. Mbona otomatiki bei hivi??

Iddi: Panda basi na shangazi 😅

Shangazi Mwanaidi: Aje, ila dirishani nakaa mimi.