Wamepunguza watu 11, sisi 23 tuliobaki tunapunguzwa kidogo kidogo

Wakuu, mnivumilie. Nimetoka kazini saa nne usiku na naandika nikiwa na hasira. Jina la kampuni silitaji, nina watoto wanasoma. Jueni tu ni ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar. Kama umewahi kuagiza gari Japani, kuna mtu wa aina yangu alikimbizana na karatasi zako bandarini.

Mwezi wa tatu tuliletewa mshauri elekezi. Kijana mpole, anasalimia kila mtu, mpaka mlinzi. Akakaa wiki mbili anatuuliza mmoja mmoja: "Kwa siku unafanya nini hasa?" Tukajimwaga. Mimi nikamweleza hadi njia za mkato ninazotumia, nikidhani akimaliza tutaongezewa watu maana tulikuwa tumeelemewa. Kumbe nilikuwa namnolea kisu.

Baadaye tukaitwa ukumbini, Alhamisi, kwa kile walichokiita kikao cha mashauriano. Projekta ikawashwa, tukaonyeshwa "muundo mpya", maboksi na mishale. Mkurugenzi akaongea dakika kama ishirini, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukapewa soda. Mtu mmoja akanyoosha mkono, akaambiwa maswali yapelekwe HR. Sasa sikilizeni: kijana wa kompyuta alikuwa ameshaagizwa tangu Jumatatu afunge akaunti za watu 11. Jumatatu! Kaniambia mwenyewe, macho chini.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakijaandikwa kwa mafumbo. Mwajiri anatoa taarifa ya kusudio la kupunguza, anaweka wazi taarifa zinazohusika, halafu anashauriana na wafanyakazi KABLA: sababu ni nini, kuna njia gani ya kuepuka, watu watachaguliwa kwa vigezo gani, lini, na watalipwa nini. Unashauriana vipi na mtu ambaye nywila yake umeshaifuta? Na ile karatasi ya mahudhurio tuliyosaini tukinywa Fanta ndiyo watakayoenda kuitoa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kama ushahidi kwamba tulishirikishwa. Hatuna tawi la chama cha wafanyakazi, kwa hiyo hapakuwa na wa kutushtua.

Kuna mzee mmoja kwenye hao 11, sisi tunamwita Mzee Manifesti. Miaka 14 kazini. Kiinua mgongo kwa sheria yetu ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inagota kwenye miaka 10. Yaani siku 70. Ile miaka minne ya juu imekwenda na maji, na hapo kampuni haijavunja sheria yoyote, sheria ndiyo ilivyo. Tena ni mshahara wa msingi, na wenye ajira binafsi mnajua mchezo: msingi kiduchu, posho ndefu. Mkataba ulionekana mzuri siku ya kusaini.

Haikupita wiki mbili, kontena la vigae la mteja wetu wa siku nyingi likakwama. Uzito kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, haukulingana na hati. Mzee angepiga simu mbili, akaandika barua ya marekebisho kabla ya chai. Sisi tulihangaika siku sita, storeji ya bandari inahesabu, demareji (faini ya kuchelewesha kontena) inahesabu, mteja anatukana. Siku ya sita nikajificha ngazini nikampigia Mzee. Aibu jamani. Akanielekeza hatua moja moja, aanze nani, barua iende dirisha gani, bila kinyongo, huku nasikia mjukuu analia pembeni. Nikamtumia elfu kumi kutoka mfukoni kwangu. Jumatatu yake bosi akaipongeza "timu mpya iliyo nyepesi" kwa kulitoa lile kontena. Nilitazama dari.

Lakini kinachonikereketa zaidi ni SACCOS ya kazini, chama chetu cha kuweka akiba na kukopa. Mzee alikuwa na mkopo, na wadhamini tulikuwa watatu: mimi, dada wa uhasibu, na dereva mmoja. Dereva naye panga limempitia. Kiinua mgongo cha Mzee kimekatwa chote na deni bado lipo, kwa hiyo akiba yangu na ya yule dada zimeshikiliwa. Simlaumu Mzee hata chembe. Ila tangu hapo hakuna anayemdhamini mwenzake. Kuna kaka wa ghala mkewe anakaribia kujifungua, fomu yake ina wiki mbili inazunguka meza hadi meza, watu wanajifanya wako kwenye simu. Nami nimejifanya niko kwenye simu. Zamani fomu kama ile ilikuwa inajaa saini kabla ya saa nne asubuhi.

Na si fomu tu. Kila mtu sasa ana daftari lake na droo ina kufuli, kwa sababu tumeona yaliyompata aliyemwelekeza mwenzake kila anachojua. Likizo hakuna anayeomba. Wiki jana dada mmoja alikuja na malaria, anatetemeka, anaingiza data. Mtu akaenda kumwangalia mgonjwa akakuta anafuta kosa la tarakimu kwa mara ya nne.

Msianze kuniambia biashara ni ngumu. Najua. Sheria inamruhusu mwajiri kupunguza watu kwa sababu za kiuchumi, za kiteknolojia au za kimuundo, sibishi. Mimi nauliza kazi za wale 11 zimekwenda wapi? Maana naziona hapa mezani kwangu, na mshahara wangu ni ule ule.

Nyie wenzetu kama mnasoma humu: kupinga kuachishwa kazi kule CMA mna siku 30 tangu siku mlipoachishwa. Leo ni ya 19. Nendeni mkachukue Fomu Na. 1, msingoje mkurugenzi awapigie, hapigi.

Na kuna mdau yeyote aliyewahi kujitoa kwenye udhamini wa SACCOS katikati ya mkopo? Inawezekana, au ndiyo nimekwama mpaka deni liishe?

Nilipokuwa nazima kompyuta leo ikaingia barua pepe ya HR. Mwezi ujao tunapelekwa Bagamoyo kujenga mshikamano, na kila mtu athibitishe saizi ya fulana kwenye orodha waliyoambatanisha. Nimeifungua. Wametumia orodha ya mwaka jana, majina 34. Mzee Manifesti wamemwekea XL.