Albamu ya pili: nibaki na gitaa langu au nihamie kwenye biti? Naombeni ushauri

BintiMindu:
Wakuu habari za jioni. Mnivumilie, sijazoea kuandika humu, huwa napita kusoma tu.

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Morogoro, naimba na kupiga gitaa. Mwaka 2022 nilitoa albamu ya kwanza, nyimbo tisa, gitaa na sauti tu, filimbi kwenye mbili. Sikuwa na meneja wala promo. Nyimbo tulizoandika zilikuwa za taratibu, hadithi za watu wa kijijini. Redioni hazikupigwa sana ila zilipata wenyewe. Kuna mtu simjui alinitumia sauti ya mama yake anaimba wimbo wa nne huku anapepeta mchele, ungo unasikika kabisa.

Sasa tangu hapo albamu ya pili haitoki. Nimempata prodyuza Dar, yeye anasema msanii asipobadilika amekwisha, gitaa watu wamelizoea, tuweke biti, na singeli hata mbili. Nikisikiliza alichotengeneza najiona si mimi. Nikirudi kwenye gitaa najiona narudia yaleyale. Usingizi sipati. Naogopa wa zamani wanikimbie na wapya wasije.

Naombeni ushauri, matusi hapana.

Kijiwe Nongwa:
Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kigoda.

Mzee Rekodi:
Binti, mji huo unaokaa uliwahi kugawanyika pande mbili, huku bendi ya Morogoro Jazz, huku Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mbaraka Mwinshehe jina lake lilikuwa kubwa akiwa Morogoro Jazz, na bado mwaka 1973 akaondoka, akaunda Super Volcano. Gitaa aliondoka nalo. Alichobadilisha ni watu wa kupiga nao. Mpaka anafariki kwa ajali ya gari Kenya mwaka 1979, ukisikia solo lake hata kwa mbali huulizi mtu ni nani.

Mimi mama watoto wangu nilimpata kwa nyimbo hizo. Nilikuwa na redio ya mbao ya betri sita, naiweka dirishani jioni, naye anajifanya kuja kuchota maji kwetu wakati kwao bomba lipo. Redio ninayo hadi leo ila inashika stesheni moja tu, ya mahubiri.

Kijiwe Nongwa:
Mzee na mama watoto naye anashika stesheni ngapi siku hizi?

Fundi Mitambo:
Nipo kwenye mitambo mwaka wa kumi na moja sasa. Dada, singeli inaanzia mapigo 200 kwa dakika kwenda juu, zipo zinazogonga hadi 300. Wimbo wa gitaa wa hadithi unakuwa 70, 80 hivi. Ukiyachukua maneno ya kwenye 80 ukayamwaga kwenye 220, silabi zinakosa pa kukaa, utakuwa unameza maneno. Wanaoweza singeli wanatunga kwa kasi hiyohiyo toka mwanzo, wengine karatasi hawana kabisa, wanamwaga palepale kwenye maiki. Mwambie prodyuza azime kila kitu akuachie besi na ngoma tu, uimbe juu yake. Utajua ndani ya dakika tano kama wimbo unakubali.

Juzi kaja jamaa anataka wimbo wa kumuomba mkewe msamaha. Vesi ya kwanza kalia, ya pili kalia, kiitikio kapigiwa simu na mchepuko. Nimerekodi vyote.

Mama Careen:
Mwanangu, miaka 24 si mtoto. Muziki ni mzuri ila una ujuzi gani mwingine mkononi? Cherehani? Saluni? Na suala la kuwa na mwenza wa kukutuliza ukalala umelifikiria? Omba Mungu kwanza ndipo uulize watu wa mtandaoni.

BintiMindu:
Asante mama, ushauri nimeupokea. Ila nimeuliza albamu.

Mkunazini:
Njoo huku Unguja upumzike na huyo prodyuza wako. Kwenye tamasha la Sauti za Busara kila Februari wanataka muziki wa kupigwa laivu, hizo biti za kompyuta hazitokufaa kitu pale Ngome Kongwe. Marehemu Bi Kidude alikuwa akipanda na ngoma yake kaifunga kiunoni, na watu hawabanduki. Kama wataka kukua, kaa na mpiga kanuni au mpiga fidla wa taarab wiki mbili tu, utasikia gitaa lako mwenyewe linajibu mambo mengine.

Karani wa Haki:
Nina swali dogo. Kwenye aya ya pili umeandika "nyimbo tulizoandika". Kila mahali unasema nilitoa, nimempata, naogopa. Hapo tu ndipo mkawa wengi. Wewe na nani?

BintiMindu:
Ni namna ya kusema tu mkuu. Turudi kwenye gitaa na biti.

Karani wa Haki:
Sawa. Ila tukushauri vipi kuhusu albamu ya pili wakati hatujui ya kwanza aliandika nani?

Kijiwe Nongwa:
Eeh, mleta mada jibu. Kigoda kinaniumiza.

BintiMindu:
Basi ngoja niseme, ingawa sioni uhusiano.

Mashairi ya nyimbo sita kati ya tisa ni ya binamu yangu, mtoto wa mjomba. Ni mwalimu wa Kiswahili. Yeye hawezi kuimba hata wimbo wa taifa. Alikuwa anaandika kwenye kaunta buku, mimi natafuta sauti na gitaa. Mwaka 2021 alihamishiwa Kigoma, akaniachia daftari, akasema "hizi zitumie, mimi zitaliwa na mchwa". Hayo ni maneno yake.

Kwenye jalada la albamu niliandika mtunzi ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijui haya mambo, na aliyetengeneza jalada alisema majina mengi yanaharibu muonekano. Binamu alipoona hakusema kitu. Ila tangu hapo salamu zake zimekuwa "salama" na nukta.

Daftari bado ninalo. Zimebaki kama kumi na nne humo ndani. Mbili nimesharekodi kwa huyu prodyuza, nimelipa laki nne, na Jumamosi naingia tena studio. Na kabla hamjanirukia: mashairi bila sauti yangu yangebaki karatasi. Yule mama anayepepeta mchele anaimba nilichoimba mimi.

Kijiwe Nongwa:
Duh. Na mimi nilikuja kusikiliza habari za gitaa.

Mama Careen:
Huo ni wizi mwanangu, hata ukiupaka asali. Tena wa ndugu.

Fundi Mitambo:
Mama taratibu. Kwenye muziki wetu hili lipo kila siku. Mimi mwenyewe nimetunga viitikio visivyohesabika, jina langu halipo popote, nilipewa soda na nauli. Kuna kimoja kinapigwa kila harusi, nikiwa ukumbini nakula pilau, nacheza nacho kama wengine.

Karani wa Haki:
Lipo kila siku, ila halijawa halali kwa kuwa lipo kila siku. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu pale kazi inapoandikwa, hata kama hajaenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili. Ulinzi unaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Haki ya kutajwa jina ni yake. Na kuhamisha haki za mapato kunataka maandishi yenye saini, "zitumie, zitaliwa na mchwa" haitoshi. Kwa hiyo zile sita ni zenu wawili: maneno yake, sauti zako. Hizo mbili mpya pia. Kaeni muandike karatasi kabla ya Jumamosi, na nenda ukarekebishe jina kule ulikosambazia albamu, inawezekana.

BintiMindu:
Mkuu unaongea kana kwamba hajui. Anajua. Angetaka angesema. Na nikimpigia sasa hivi ataona namtafuta kwa sababu nataka hizo kumi na nne.

Mkunazini:
Na si kweli wazitaka?

Dada yangu, ukweli nakwambia. Habari ya gitaa na biti uliileta mbele ili tusikuulize habari ya kalamu. Zile tatu zako mwenyewe kwenye albamu ya kwanza, kuna mtu amekutumia sauti ya mama yake anaziimba?

BintiMindu:
Hapana.

Hakuna anayeziomba. Ndiyo maana.

Sijaribiwi:
Samahani naingia kwa kuchelewa. Nimesoma uzi wote na nawaambia: hii ni chai. Tena ya maziwa.

ID imefunguliwa jana. Binamu mwalimu yupo Kigoma ambako hatuwezi kumuuliza. Jina la albamu hakuna, wimbo hata mmoja hakuna. Dada, hizo mbili ulizorekodi zinahusu nini? Taja.

BintiMindu:
Sitaki kujitangaza humu ndiyo maana sitaji. Moja ni ya mjane na mbuzi. Nyingine ni ya treni ya umeme kupita shambani kwa babu yetu Ngerengere.

Sijaribiwi:
ASANTE. Daftari unalo tangu 2021. Treni ya umeme imeanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024. Binamu aliota? Wanajukwaa leteni vikombe.

Kijiwe Nongwa:
Mimi nina sukari.

Fundi Mitambo:
Hapo kakukamata dada 😂

Sijaribiwi:
Na naongeza. Mimi nahisi anayeandika hapa ndiye huyo binamu mwenyewe. Anataka tumtukane dada wa watu halafu apige picha amtumie. Mpiga gitaa gani anaandika ukurasa mzima bila kutaja gitaa lake ni la nyuzi gani? Ila salamu yenye nukta kaiona! Huyo ni mwalimu wa Kiswahili huyo.

BintiMindu:
Gitaa ni la nyuzi za chuma, kapo, kile kibanio cha nyuzi, naweka tundu la tatu kwa sababu sauti yangu haishuki. Uzi wa kwanza ulikatika mwezi uliopita nikafunga waya uliochambuliwa kwenye breki ya baiskeli mpaka nilipopata mwingine, kidole cha shahada kina alama. Binamu hajui kapo ni nini.

Kuhusu treni. Beti la binamu ni la wakati wanapima njia, vigingi vinachomekwa, watu wanalipwa fidia. Treni hakuiandika, ilikuwa haijaja. Beti la pili niliongeza mimi mwaka jana, nilikuwa shamba siku inapita. Nilisahau kulisema kwa sababu si sehemu muhimu, ni la kujazia tu ili wimbo usiwe mfupi.

Karani wa Haki:
Yaweke yote mawili hapa.

BintiMindu:
La kwake linaanza hivi:

*Vigingi wamechomeka, katikati ya mihogo,*
*Babu fidia kashika, kwa shina kubwa na dogo...*

Langu:

*Treni imepita haijapiga hata honi.*
*Babu kasimama na jembe, anaipungia mkono.*
*Vioo vya mle havifunguki.*

Prodyuza ndiyo anataka tulitoe hilo la pili, anasema halina vina na halikai kwenye biti.

Mzee Rekodi:
Prodyuza ana haki. La binamu ni nane kwa nane, limenyooka kama reli yenyewe. La pili limekatwa mkia. Honi, mkono, funguki, ndiyo nini? Zamani ungechekwa jukwaani.

Mkunazini:
Mzee mie nakuheshimu, lakini nimelisoma hilo la pili mara tatu na la kwanza mara moja.

Mzee Rekodi:
Mara tatu kwa sababu hulielewi.

Fundi Mitambo:
Hapana mzee. Mimi nimelisikia kabisa. Gitaa likatike baada ya "havifunguki", kimya, halafu filimbi tu, mbali. Biti usiweke hapo hata kwa bunduki. La kwanza ndilo liwekee biti ukitaka, lina mizani, litakaa vizuri tu hata kwenye singeli. Yaani umefanya kinyume, dada: umepeleka ya binamu kwenye gitaa na yako unataka kuitupa.

BintiMindu:
Lakini watu wanapenda yale ya vina. Nikitoa albamu ya mistari kama hiyo watasema nimeishiwa.

Mama Careen:
Mimi muziki siujui. Ila huyo babu hakuna aliyemwona dirishani? Au walimwona wakashindwa kufungua? Nimekaa na simu namuwaza babu.

BintiMindu:
Sijui mama. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Karani wa Haki:
Jumamosi ni kesho kutwa. Mpigie binamu.

BintiMindu:
Laki nne nimeshalipa, Jumamosi nitaenda. Jina lake nitaliweka safari hii, nimekubali. Ila baada ya langu.

Karani wa Haki:
Mpigie.

Sijaribiwi:
Hatapiga. Huwezi kujipigia mwenyewe.

BintiMindu:
Nimepiga. Kapokea wifi. Amesema wamerudi likizo tangu Jumatatu, binamu yupo shambani kwa babu Ngerengere wanang'oa mihogo, simu kaiacha ndani. Nimwachie ujumbe. Nimekata, sikujua niseme nini.

Sijaribiwi:
Mihogo tena! Chai tulikuwa nayo toka jana, sasa na vitafunwa vimefika. Karibuni mezani.