Ngumi ya kulia inayopita juu ya jebu: nakosea wapi?

Mfupi_wa_Kona: Wakuu, kuna jamaa jimuni ana mikono mirefu, jebu yake (ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele) hainiachii nafasi. Nikirusha kulia kupitia juu, namgonga kwa upande wa kiganja na kifundo cha mkono kinauma. Tatizo nini?

Kocha_Mstaafu: Mdogo wangu, unaizungusha kama unatupa jiwe, tena ukiwa mbali. Subiri jebu yake itoke. Ikiwa njiani, mguu wa kushoto uingie mbele na nje kidogo, kichwa kihamie kushoto, bega lisukume. Ngumi ikifika, kidole gumba kitazame chini, ugonge kwa vifundo viwili vya mbele. Mkono wa kushoto ubaki shavuni, kulia kwake bado kuko huru! Vijana wengi hapo ndipo wanapolazwa chini.

Mieleka_Kwanza: Kwenye MMA (mapigano ya ngumi, mateke na mieleka pamoja), inamia kidogo kama unakwenda kukamata miguu. Akishusha mikono, mrushie. Tazama pia pambano la MMA la Dan Henderson na Michael Bisping, UFC 100, Las Vegas, Julai 2009. Bisping alikuwa akizunguka kuelekea kushoto kwake, kule kule kulia kwa Henderson kunakotokea. Raundi ya pili, Bisping kwisha.

Mfupi_wa_Kona: Shukrani kocha. Huyu wangu naye huzungukia huko huko! Nianze na begi la ngumi?

Kocha_Mstaafu: Pedi kwanza, mwenzako akunyooshee jebu polepole. Na lenga taya. Kwa glavu nyembamba za MMA, za wakia 4, paji la uso litakuvunja mkono.