Mto wa Papa

*FAMILIA YA MWALIMU (Bukavu–Bruxelles)*

*Alhamisi*

[07:12] *Mama:* Furaha mwanangu, mumeamkaje? Papa alilala? Dawa za tension amemeza?

[07:40] *Furaha:* Tumeamka vizuri Mama. Amemeza. Saa kumi alikuwa ameisha kutandika kitanda, amekaa sebuleni na kofia kichwani anangoja kuche.

[07:41] *Bahati:* Saa kumi! Jogoo wa Bruxelles wanamfuata Papa nyuma 😂

[07:44] *Furaha:* Leo ninampeleka Grand-Place. Jana alichoka, tangu mpaka ya Ruzizi hadi Kigali, halafu ndege usiku mzima.

[11:20] *Furaha:* 📷 Picha

[11:21] *Furaha:* Njo hiyo Grand-Place. Papa ako mbele ya ukumbi wa mji.

[11:23] *Tantine Neema:* Weee! Dhahabu yote ile kwenye manyumba! Yaya, lakini cheka kidogo basi, watasema tumekutuma kwa nguvu.

[11:26] *Furaha:* Hacheki juu ana swali moja tangu tushuke kwenye tram. Nimemwambia Wafaransa walipiga mji huu mizinga 1695, karibu uwanja wote ukaungua, wakajenga tena nyumba hizi anazoziona. Amesikiliza kwa adabu, amefunga mikono nyuma. Halafu: "Mto uko wapi?"

[11:27] *Mugisho:* Mto gani Babu?

[11:38] *Papa:* Habari zenu wanangu. Mji wa Bruxelles uko kwenye mto Senne. Nilifundishwa hivyo mwaka 1959, darasa la tano. Mwalimu alitundika ramani ya Ubelgiji ukutani, akanielekezea fimbo: Bruxelles iko kwenye mto gani? Nikajibu Meuse. Meuse ni wa Liège, nilikuwa nimeukariri usiku ule kwa mwanga wa kibatari, ukaniganda kichwani. Nilipigwa fimbo sita. Ruzizi sikuulizwa hata siku moja, na nilikuwa nikiuvuka kila mwezi kwenda kumsalimu shangazi Cyangugu. Sasa nimefika. Nataka kuuona.

[11:39] *Tantine Neema:* Yaya! Miaka yote hujatuambia hiyo!

[11:40] *Mama:* Mimi ameniambia mara mia.

[12:15] *Furaha:* 📷 Picha

[12:15] *Furaha:* Tantine, njo hako katoto kanakojoa ulikokuwa unadai.

[12:16] *Tantine Neema:* Ni haka tu??? Nilifikiri ni sanamu kubwa!

[12:18] *Furaha:* Nusu mita na kidogo. Na haka ka barabarani ni nakala, ka zamani kako ndani ya makumbusho pale Grand-Place. Kana nguo zaidi ya elfu moja, watu wa kila nchi wanakaletea.

[12:19] *Tantine Neema:* Nguo elfu na kako uchi. Na watalii wanapanga mstari.

[12:24] *Papa:* Haya ndiyo maji ya kwanza niliyoyaona katika mji huu.

[12:24] *Bahati:* 😂😂😂😂

[19:50] *Furaha:* Nimeulizia kazini. Papa, kaa kitako kwanza.

[19:51] *Papa:* Nimekaa.

[19:55] *Furaha:* Mto upo lakini uko chini. Zamani ulipita katikati ya mji, kila uchafu ukatupwa humo: wa nyumba, wa viwanda, wa wachinjaji. Ukawa unanuka, mvua ikinyesha unaingia kwa watu. 1866 kukaja kipindupindu. Basi meya mmoja, Jules Anspach, akaamua wajenge matao ya matofali juu yake na kuupitisha chini. Walianza 1867, wakamaliza 1871. Juu wakatengeneza barabara pana za kupendeza. Ile tuliyotembea leo mchana, yenye mikahawa, hakuna gari, ina jina lake meya huyo.

[20:02] *Furaha:* Papa?

[20:03] *Furaha:* Anahesabu kwa vidole.

[20:09] *Papa:* 1871 hadi 1959 ni miaka 88. Mto ulikuwa umezikwa miaka 88, na mimi nikachapwa kwa kutoujua.

[20:10] *Bahati:* Papa pole, ila nimecheka mpaka mutoto ameamka

[20:12] *Mama:* Na mwalimu wako naye alikuwa hajauona. Alisoma ramani tu sawa na weye.

[20:15] *Papa:* Mama Bahati, hilo sikuwa nimelifikiria.

*Ijumaa*

[10:33] *Furaha:* Tuko kwenye tram ya chini ya ardhi, tunatoka Gare du Midi. Nimesoma usiku kwamba njia hii ya katikati wameipitisha humo humo kwenye mapango ya mto. Mto wenyewe waliusogeza pembeni miaka ya 1950, tram ikaingia 1976.

[10:34] *Mugisho:* Kwa hiyo Babu ako ndani ya mto??

[10:35] *Furaha:* Ako ndani ya mto, ameshika bomba, anaangalia ukuta mweusi dirishani kama anaangalia Ziwa Kivu.

[10:41] *Papa:* Nimevuka bila mtumbwi.

[15:02] *Furaha:* Tumepita Matonge, mtaa wa Wakongomani hapa Bruxelles. Sombe iko, chikwange iko, samaki wakavu wako. Papa amewanusa, akamwambia mama muuzaji: "Hawa si sambaza wa Ziwa Kivu." Wamebishana nusu saa. Mama ni wa Kinshasa, hakukubali. Mwishowe amemwongezea pilipili bure.

[15:04] *Tantine Neema:* Na kitenge changu cha wax?

[15:04] *Furaha:* Nimeona bei, Tantine. Tutaongea.

[15:30] *Furaha:* 📷 Picha

[15:31] *Furaha:* Square Patrice Lumumba, pembeni ya Matonge. Iliwekwa 2018, tarehe 30 Juni.

[15:33] *Bahati:* Ni kibao tu?

[15:34] *Furaha:* Ni kibao na kauwanja kadogo. Papa alivua kofia. Baridi ile yote. Sikumuuliza kitu.

*Jumamosi*

[08:20] *Bahati:* Huku mvua imenyesha usiku mzima. Mto wetu Kawa umefurika tena. Mugisho, tuma ile picha.

[08:22] *Mugisho:* 📷 Picha

[08:23] *Mugisho:* Hapa ni kwenye daraja. Machupa yameziba, maji yamepita juu ya barabara. Ukisimama unasikia harufu mpaka kwenye koo. Nimesoma habari ya mto wa Babu nikasema, njo dawa: na sisi tuifunike Kawa, juu tupitishe barabara. Ninaweza kuifanya kazi yangu ya mwisho wa masomo.

[08:25] *Bahati:* Injinia wetu huyo 👏

[08:47] *Papa:* Mugisho, mjukuu wangu. Furaha amenisomea mengine jana usiku. Pale walipopitisha barabara palikuwa na nyumba za maskini, zaidi ya elfu moja, zilibomolewa. Waliokaa humo wakahamia kubanana kwingine. Na uchafu haukwisha. Ulipita gizani ukaenda kwa watu wa vijiji vya kaskazini. Hadi 2007, walipofungua mtambo wa pili wa kusafisha, maji machafu mengi ya mji huu mkuu yalikuwa yanaingia mtoni hivyo hivyo. Katika kazi yako, andika kwanza ni nani anayekaa kando ya Kawa na chupa zake atazitupa wapi. Halafu ndipo uchore barabara.

[08:49] *Mugisho:* Ndiyo Babu. Nimepigwa fimbo ngapi hapo?

[08:50] *Papa:* Mbili.

[13:05] *Furaha:* Tumeupata!!

[13:05] *Furaha:* 📷 Picha

[13:09] *Furaha:* Kuna makumbusho ya mitaro ya maji machafu, Porte d'Anderlecht, kwenye vijumba viwili ambamo zamani walitoza ushuru wa kuingia mjini. Watalii wengine wanapanda Atomium, mita 102, waone mji kutoka juu. Mimi nimemleta baba yangu kwenye choo cha mji 😭 Tumeshuka ngazi, nimemshika mkono. Chini kuna pango refu, taa chache, na pembeni yako maji yanakwenda. Ni mto wenyewe.

[13:10] *Mama:* Asiteleze!!

[13:12] *Furaha:* Hakuteleza Mama. Alisimama kwenye chuma cha kushikilia, akanyoosha ile fimbo yake ya kutembelea kwenye maji, akasema kwa sauti ya darasani: "La Senne." Pango likamrudishia. Vijana wawili nyuma yetu wakageuka. Akasema tena.

[13:13] *Tantine Neema:* Yaya wangu 😭😭

[13:20] *Papa:* Si mpana. Kijana akikimbia vizuri anauruka. Maji ni ya kijivu. Bahati, nenda Kadutu kwa Papa Ciza, tulikaa benchi moja. Yeye alijibu vizuri siku ile, akapewa kalamu. Mwonyeshe picha.

[16:44] *Bahati:* Nimetoka kwa Papa Ciza. Ameweka miwani, ameangalia picha muda mrefu. Kalamu anaikumbuka, fimbo zako hazikumbuki. Ana swali moja tu.

[16:44] *Papa:* Aulize.

[16:45] *Bahati:* Unanuka?

[16:46] *Papa:* Unanuka.

[16:47] *Bahati:* Nimempigia simu kumwambia. Bado anacheka.

[18:30] *Mama:* Papa Bahati, dawa za jioni.