Siku mbili tatu Mwanza na mama mkwe anayeogopa maji: niwapeleke wapi ziwani?

Mama Nasra wa Dom:
Wakuu habari za asubuhi. Mwezi ujao tunatoka Dodoma kwenda Mwanza kwenye arusi, na shughuli ikiisha tutabaki siku mbili tatu. Nitakuwa na watoto wawili, miaka 6 na 9, pamoja na mama mkwe. Watoto wameshanunuliwa nguo za kuogelea na shangazi yao, hawalali. Mama naye alipoteza jirani meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, ukitaja boti tu anabadilisha mazungumzo. Je, watoto wanaweza kuoga ziwani? Na kuna pa kumkalisha mtu mzima akalifaidi ziwa bila kupanda chombo? Hoteli za bei mbaya sitaki.

Kapripointi Juu:
Karibu Rock City dada. Mama mpeleke jioni pale karibu na kivuko cha Kamanga, jiwe la Bismarck liko majini hapohapo, unaliona ukiwa nchi kavu. Wajerumani walilipa jina la kansela wao na hakuna aliyejisumbua kulibadilisha. Jua linazama ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Fika saa kumi na moja na nusu, ila msikae hadi giza. Mbu wa hapa hawajali mgeni.

Ngosha wa Ilemela:
Watoto wapeleke Saanane. Ni kisiwa ndani ya jiji, hifadhi ya taifa tangu 2013, na mwanzoni kabisa, 1964, ilikuwa bustani ya wanyama. Boti inaondokea Capri Point, na ni mwendo mfupi tu. Kuna swala pala, tumbili, na pimbi waliojaa kwenye mawe. Waambie watoto watafute mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, anaota jua juu ya jiwe huku anatikisa kichwa kama anayekubali hoja. Vaeni raba, ndala zitawaangusha. Nendeni asubuhi, mchana upepo ukianza ziwa linachafuka. Boya la kujiokolea avae kila mtu, na la mtoto liwe saizi yake. Wakikupa la mtu mzima, kataa.

Dokta wa Kijiweni:
Kuoga hapana. Ziwa lina kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji tulivu yenye majani, yaani palepale pembeni mtoto anapopenda kuchezea, na vinapenya ngozi. Mamba nao wapo. Nguo za shangazi zivaliwe kwenye bwawa la kuogelea, hoteli kadhaa zinaruhusu wasiolala hapo kwa kulipia.

Mzawa Halisi:
Dokta unatisha watu. Sisi tumekulia Igombe, tumeoga humo miaka yote, tuko hapa tunaandika.

Dokta wa Kijiweni:
Mzawa, huku kandokando kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Hukojoi damu, kwa hiyo unajiona mzima huku ini linaumia taratibu. Unadhani shuleni mlimezeshwa prazikuanteli kwa nini? Dada, wakilowa kwa bahati mbaya usiwapime kesho yake, hakitaonekana. Subiri kama miezi miwili. Na kujikausha taulo si kinga ya kutegemea.

Mama Nasra wa Dom:
Nimeelewa, bwawa basi. Mama namwachaje wakati sisi tuko Saanane?

Kapripointi Juu:
Abaki na wenyeji wenu, asilazimishwe. Siku nyingine mpeleke Daraja la Kigongo–Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, kama kilomita 3 juu ya maji. Zamani hapo ilikuwa lazima kivuko. Sasa atavuka ziwa akiwa amekaa kwenye gari, na akitaka kufumba macho afumbe.

Mama Nasra wa Dom:
Hili la daraja nimemsomea, amecheka, kakubali. Mwisho kabisa: dagaa wa kubeba nanunua wapi?

Ngosha wa Ilemela:
Mwaloni Kirumba, asubuhi. Usidanganywe na rangi, tafuna mmoja. Ukisikia mchanga kwenye meno, hao walianikwa chini, sogea kwa muuzaji mwingine aliyeanika kwenye chanja. Sato na sangara wa kula, malizeni hukuhuku. Dagaa wafungwe mifuko miwili, la sivyo basi zima hadi Dodoma litajua mlikotoka.