Abiria wa pembeni yangu kaachwa na basi, begi lake ninalo. Nifanyeje?

Mzee wa Dirishani: Wakuu, habari za muda huu. Nimekwama, naombeni ushauri. Juzi nilipanda basi pale Mbezi kwenda Geita. Siti ya dirishani nimekata mimi, nafika namkuta jamaa kashajikalia, viatu kavua, miguu kaipandisha kwenye siti ya mbele. Namwonyesha tiketi, ananijibu, "We kaa tu, wote tutafika." Kabla ya Chalinze kashamaliza mayai ya kuchemsha, maganda anayajaza kwenye mfuko wa siti yangu. Kuanzia Morogoro akafungulia mahubiri kwenye kitochi chake, sauti mpaka mwisho, na mwenyewe kalala! Miguuni kwangu kiroba cha ng'onda. Anayeijua harufu ya ng'onda ndani ya basi lililofungwa vioo atanielewa.

Sasa mbele ya Singida tukasimama kuchimba dawa, basi likamuacha. Tumekuja kupita pale kivukoni Busisi, mpaka Geita, konda akashusha begi lake na kiroba pamoja na mizigo yangu akidhani tuko pamoja. Kitochi kiko ndani ya begi, kinaita. Je, kisheria nikikaa navyo nina kosa?

Binti wa Gerezani: Pole. Mimi treni ya SGR ilipoanza kwenda Dodoma 2024 nilidhani nimeagana na watu wa hivyo. Wapi! Mama mmoja kakalia siti yangu, eti asipokaa dirishani anatapika. Nikampisha. Kilosa hatujafika, katapika vilevile, tena upande wangu.

Mtumishi wa Shamba: Ndugu, usilalamikie Neno. Huenda ujumbe ule ulikuwa wako.

Mzee wa Dirishani: Mtumishi, saa nane usiku?

Konda Mstaafu: Kazi hiyo nimeifanya. Basi haliondoki porini konda hajapita kuhesabu, na akiona siti tupu anamuuliza jirani. Wewe uliulizwa nini?

Mzee wa Dirishani: Konda alipita, ndiyo.

Konda Mstaafu: Sijauliza kama alipita.

Wa Kondele: Poleni ndugu zetu. Huku kwetu hayo ni ya kila siku. Nikitoka Nairobi kwenda Kisumu kuna jamaa alituuzia dawa ya minyoo kuanzia stejini, mpaka akaanza kutaja dalili huku akinitazama mimi. Kufika Naivasha akashuka, tukashukuru Mungu. Mara akapanda mhubiri.

Mzee wa Dirishani: Haya, aliniuliza kama mwenzangu yupo, nikasema yupo. Lakini jamani, nilikuwa usingizini! Nikajua kahamia nyuma, kulikuwa na siti tupu. Halafu tulipewa dakika chache, yeye kashuka na taulo begani na chupa ya maji kama anakwenda kuoga. Basi zima linapiga kelele, "Suka, twende!" Kwa nini lawama zije kwangu peke yangu?

Mama Upendo: Ulikuwa usingizini ukaliona taulo?

Mzee wa Dirishani: Nilikuwa nasinzia, mama.

Mama Upendo: Mwanangu, umemwacha mtu porini usiku, huko njia ya Sekenke, hana simu, na unachouliza ni sheria. Pokea hiyo simu.

Mzee wa Dirishani: Imeandikwa "Mke Wangu". Nimwambie nini? Mimi nimeshapata njia: begi nalituma stendi ya Singida kama kifurushi, jina la mtumaji siweki. Zile ng'onda zingeharibika, tumeshazila.

Konda Mstaafu: Ng'onda iharibike!!

Binti wa Gerezani: Mlizipika na nazi?

Kijiwe Nongwa: Hii chai, tena ya maziwa. Kivukoni gani tena? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kama kilomita tatu, basi linakatiza juu ya ziwa bila kusubiri mtu. Huyu hadithi kaitunga siku nyingi, kasahau kuibadilisha.

Mzee wa Dirishani: Nimesema tulipita pale. Kuna mahali nimesema tulipanda pantoni?

Mtumishi wa Shamba: Enzi za pantoni watu walikuwa wanashuka, wananunua samaki, wanasalimiana. Siku hizi mtu anavuka ziwa kalala.

Kijiwe Nongwa: Foleni ya usiku kucha unaiita salamu? Mwenye mgonjwa alikuwa anasalimiana na nani? Mleta mada weka picha ya begi tuache ubishi.

Mzee wa Dirishani: Siweki. Lina jina lake kwa maka peni. Asiyeamini apite uzi mwingine.

Wa Kondele: Akikataa picha, begi lipo. Mwongo angeweka ya dukani.

Konda Mstaafu: Chai au si chai, mimi nijibu. Jina na namba ya abiria huwa zinaandikwa wakati wa kukata tiketi. Peleka begi ofisi ya basi hapo Geita, wampigie.

Mzee wa Dirishani: Wakimpigia si itaita humuhumu kwenye begi?

Konda Mstaafu: Basi wape namba ya mkewe, si unaiona inapiga?

Mzee wa Dirishani: Ofisini watauliza nani alisema yupo.

Konda Mstaafu: Watauliza. Wahi asubuhi kabla gari za Dar hazijaondoka.