Neno "olim" la Kilatini ni zamani au siku zijazo?

Wakuu habari za jioni. Najifunza Kilatini mwenyewe hapa Mbagala, nasoma kwenye daladala asubuhi nikienda Posta, sasa nimekwama kwa olim. Kamusi inasema "zamani" halafu mstari wa chini inasema "siku fulani ijayo", inakuwaje neno moja libebe vyote viwili?

Jibu la 1:
Mkuu mbona hata sisi tunalo! "Siku moja nilipotea Kariakoo" na "siku moja utanikumbuka", siku moja ni ileile, kitenzi ndo kinakwambia ni nyuma au mbele. Olim Romae habitabam, zamani nilikuwa naishi Roma. Olim Romam videbo, siku moja nitaiona Roma. Angalia kitenzi tu.

Jibu la 2:
Naongezea kwa jamaa hapo juu, olim imetoka kwenye mzizi mmoja na olle, umbo la kale la ille, yaani "yule, ile", kwa hiyo ukiitafsiri "wakati ule" kichwani inakaa vizuri kabisa, ni wakati wowote ulio mbali na sasa, sasa yenyewe ni nunc. Ila ukikuta olim kwenye orodha ya miswada (vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono) ya maktaba za Ulaya mbele ya namba, hiyo ni namba ya zamani ya mswada huo tu, basi.

Mleta mada:
Asanteni sana wakuu, hiyo ya "siku moja" imeniingia. Kesho naanza mox na nondum.

Jibu la 1:
Nondum ni "bado" ya "bado sijafika", mox ni "muda si mrefu". Karibu tena.